Uhakiki wa Mnong'ono

Katika miaka niliyofundisha Kiswahili kwa walimu tarajali, tulihakiki tanzu zote za fasihi simulizi zilizomo katika muhtasari: hadithi, methali, vitendawili, majigambo, hata misimu ya mitaani. Tuliuliza fanani ni nani, hadhira yake ni nani, kazi imetolewa wakati gani, na fani inabebaje maudhui. Utanzu mmoja haukuwamo, wala sijauona katika kitabu chochote cha kiada, ingawa kila Mtanzania aliyewahi kupiga kura ameusikia. Nao ni mnong'ono wa uchaguzi, hasa ule unaohusu asili ya mgombea. Nakusudia kuuhakiki hapa kama ambavyo ningehakiki utenzi au tamthiliya, kwa sababu naamini umetuamulia mambo makubwa kuliko hotuba nyingi tulizozichapa vitabuni.

Matini yenyewe ni fupi. Kwa kawaida haizidi sentensi moja: "Lakini huyu, kwani ni mwenzetu?" Kama ilivyo desturi ya fasihi simulizi, ina nakala nyingi zinazotofautiana kidogo. "Babu yake alitokea wapi hasa?" "Inasemekana ana pasipoti nyingine." Na ile ninayoiona kuwa hodari kuliko zote: "Mimi simchukii, nauliza tu."

Tukianza na fanani, tunakuta hayupo. Hadithi ina bibi aliyeisimulia na ngoma ina manju wake. Mnong'ono hauna mwenyewe. Tazama neno "inasemekana". Halisemi nani amesema. Linasema tu kwamba jambo hilo linaweza kusemwa, na kwa hilo peke yake linataka kuaminiwa. Mwanachuo aliyeniletea insha yenye neno hilo nilikuwa nampigia mstari mwekundu na kumwandikia pembeni: Nani? Wengine waliniona mkorofi.

Kuhusu fani, mnong'ono hupenda kuvaa vazi la swali. Hapo ndipo ulipo ujanja wake. Taarifa unaweza kuikanusha: mtu akisema fulani ameiba mbao za shule, tutakwenda stoo tukahesabu mbao. Lakini swali utalikanushaje? Mgombea akijibu, watasema mbona anajitetea. Akinyamaza, watasema mbona hajibu. Akileta cheti, watauliza kilitolewa mwaka gani na nani aliyekitia sahihi.

Lakini jambo linalonishughulisha zaidi ni wakati wa utendaji. Mnong'ono wa asili hauji mapema. Mtu akiwa muuza duka anayekopesha sukari, mlipa kodi, mwanachama anayetoa michango, mfadhili wa madawati, hana asili. Watu hula karamu ya arusi kwake na kumzika baba yake bila kuuliza marehemu alitokea wapi. Asili humwota siku anapokaribia kushinda. Mhakiki akikuta kazi ambayo kila mara hutolewa wakati mmoja tu, hana budi kujiuliza imetungwa kwa ajili ya nini.

Mfano wetu mkubwa ni wa mwaka 2005. Chama Cha Mapinduzi kilikuwa kinatafuta mgombea wa kumrithi Rais Benjamin Mkapa, na miongoni mwa waliojitokeza alikuwamo Dkt. Salim Ahmed Salim. Hebu tuitazame karatasi yake kama tunavyotazama ya mwombaji kazi. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1942. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1980 aliiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa, na mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu la umoja huo. Mwaka 1984, baada ya kifo cha Edward Sokoine, alikuwa Waziri Mkuu. Kuanzia mwaka 1989 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Addis Ababa, hadi mwaka 2001.

Mtu wa namna hii ana maswali ya haki ya kuulizwa, tena magumu. Miaka yote hiyo New York na Addis Ababa, unaijua bei ya pamba? Umewahi kuomba kura kwa mkulima aliyekukasirikia? Ulipokuwa Waziri Mkuu ulifanya nini ambacho mtu wa kijijini alikiona? Mimi mwenyewe ningependa kuyasikia majibu. Mtu akiyapima na kuona kwamba mgombea mwingine anafaa zaidi, hapo hakuna dhambi. Jakaya Kikwete, aliyeshinda Chimwaga mwezi Mei mwaka huo kwa kura 1,072 dhidi ya 476 za Dkt. Salim na 122 za Profesa Mark Mwandosya, alikuwa na nguvu zake na watu wake waliompenda tangu mwaka 1995, na sidai kwamba bila mnong'ono matokeo yangegeuka.

Ninachodai ni kwamba maswali yale ya haki hayakusikika. Yaliyosikika ni mengine: ni Mwarabu, ni Hizbu. Vijana wa leo huenda hawajui kuwa Hizbu ni jina ambalo watu waliliita chama cha ZNP cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1955, wakati Salim alikuwa mtoto wa miaka 13. Basi chukua kalamu uhakiki. Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika Januari 1964. Mwaka huohuo kijana huyu akatumwa kuwa balozi. Wazee wa Mapinduzi, ambao moto wa chuki za vyama ulikuwa haujapoa mikononi mwao, walimwona anafaa kutumwa. Na sisi, miaka arobaini na mmoja baadaye, tukajifanya tunaijua siri yake kuliko wao. Mnong'ono haukuweza kusimama mbele ya kalenda. Lakini nani aliuweka mbele ya kalenda?

Kuna kinaya ndani ya kisa hiki. Mwaka 1981 Dkt. Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. China ilimkatalia Kurt Waldheim kwa kura yake ya turufu mara kumi na sita. Marekani ikamkatalia Salim, nayo mara nyingi, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wamarekani hawakusahau msimamo wa Salim mwaka 1971, China ya Beijing ilipopewa kiti chake. Ulikuwa uamuzi wa kibeberu, nami nilikasirika kama Watanzania wengine. Hata hivyo, ukiuhakiki kwa utulivu, utaona walimkataa kwa jambo alilolitenda. Walimheshimu kiasi cha kumwogopa. Kwao alikuwa mtu mwenye msimamo. Kwetu, mwaka 2005, aligeuzwa kuwa damu.

Wamarekani nao wana mnong'ono wao, na haukutungwa kwa ustadi zaidi ya wetu. Mwaka 2008 walikuwa na wagombea wawili wakuu wa urais. John McCain alizaliwa mwaka 1936 katika eneo la Mfereji wa Panama, nje kabisa ya majimbo yao. Barack Obama alizaliwa Honolulu, jimbo la Hawaii, mwaka 1961. Katiba yao inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa. Ungetegemea nani aulizwe cheti? Kuhusu McCain, Baraza lao la Seneti lilipitisha azimio mwezi Aprili mwaka huo kwamba ni raia wa kuzaliwa, na watu wakaendelea na mengine. Obama aliulizwa kwa miaka, akaulizwa hata akiwa ndani ya Ikulu, mpaka tarehe 27 Aprili 2011 ikabidi Ikulu itoe hadharani nakala kamili ya cheti chake. Na bado wapo waliouliza kiliandikwa kwa mashine gani. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Kamala Harris, mwenye mama wa India na baba wa Jamaica: mpinzani wake, Donald Trump, alisema mbele ya waandishi wa habari weusi mjini Chicago kwamba mama huyu alikuwa Mhindi kisha akageuka kuwa mweusi. Kama mtu hawezi kuwa na wazazi wawili.

Hapa lakini tusiwacheke. Obama aliposhinda, Kenya ilitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa siku ya mapumziko. Kwetu alipokuja mwaka 2013 tulimpa barabara ya ufukweni Dar es Salaam iitwe kwa jina lake. Nilifurahi pia, sitaki kujifanya malaika. Lakini nikiwauliza walimu wenzangu wanampendea nini, wengi hawakuweza kunitajia jambo moja alilokusudia kufanya kuhusu kodi, hospitali au vita. "Ni damu yetu." Nionavyo mimi, shangwe hii na ule mnong'ono ni kulwa na doto. Mmoja husema mpeni kwa sababu ya baba yake. Mwingine husema mnyimeni kwa sababu ya baba yake. Wote wawili wamemaliza uhakiki kabla ya kufungua kitabu.

Je, tulikuwa hivi daima? Sidhani. Ushahidi uko Tabora, kilomita zisizozidi mia na ishirini kutoka hapa Nzega ninapoandika. Mwezi Januari mwaka 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikutana pale kuamua kama chama kishiriki au kisusie uchaguzi ambao Waingereza walikuwa wameupanga. Masharti yake yalikuwa ya kudhalilisha. Ili kupiga kura ilikupasa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au wadhifa uliotajwa. Kisha kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Akiacha mmoja, kura yake yote inaharibika. Wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki, na uamuzi ule tumeuita tangu siku hizo Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa akaanzisha chama chake cha Congress, kilichodai Afrika kwa Waafrika.

Kwa kawaida tunafundisha tukio hili kama kisa cha mbinu: TANU iliingia kwa mlango wa adui ikashinda. Ni kweli, lakini nadhani kuna jambo la pili ambalo walimu wa historia hulipita haraka. Mpiga kura Mwafrika alipofika kwenye orodha ya Wazungu, rangi haikumsaidia kitu. Wote pale walikuwa Wazungu! Alilazimika kuuliza mambo mengine: huyu amesema nini kuhusu uhuru, huyu anakaaje na wafanyakazi wake, huyu ahadi yake ya jana ameitimiza? Sheria iliyotungwa ili kutugawa kwa rangi iliiondoa rangi katika hoja, bila waliyoitunga kukusudia. Ndivyo walivyopita Derek Bryceson, mkulima Mwingereza; Sophia Mustafa wa Arusha; Lady Marion Chesham wa Iringa, mzaliwa wa Marekani. Walioungwa mkono na TANU walishinda, na UTP, chama kilichopendwa na serikali ya kikoloni, kikaanguka.

Tusiipambe picha kupita kiasi. TANU yenyewe ilikuwa haijafungua uanachama kwa wasio Waafrika. Mlango huo haukufunguliwa hadi mwaka 1963. Na Oktoba 1961, Bunge lilipojadili muswada wa uraia, wabunge kadhaa wa TANU walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliwajibu kwa ukali ambao ni nadra kuusoma katika hotuba zake, akiwafananisha wanaotukuza rangi na Hitler, na akasema muswada ukishindwa serikali yake itajiuzulu. Mwaka uliofuata wananchi walipewa nafasi ya kuamua wenyewe katika uchaguzi wa rais: Nyerere kura 1,127,978, Mtemvu kura 21,276. Mtemvu, nampa haki yake, hakunong'ona. Alisimama jukwaani akataja jina lake na akasema anachoamini, na watu wakamkatalia mchana kweupe. Mwenye hoja ya namna hiyo unaweza kubishana naye.

Halafu ukaja mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU kila jimbo, mmoja ana alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Kanuni zilikataza kutumia rangi, kabila au dini katika kampeni. Paul Bomani, waziri wa fedha, aliangushwa kwao Usukumani. Bibi Titi Mohamed, mama wa TANU, aliangushwa Rufiji. Amir Jamal alishinda Morogoro, Bryceson akashinda Dar es Salaam, na Jamal ndiye aliyekabidhiwa wizara ya fedha baada ya Bomani. Wale walioanguka walikuwa wenyeji wa damu. Sisemi wapiga kura wa mwaka 1965 walikuwa watakatifu. Nasema waliweza kumwambia mtoto wao hapana na kumwambia Mhindi ndiyo, na nchi haikupasuka.

Ninapoona watu wa mkoa huu wakiulizana asili, hushangaa zaidi ya ninavyoshangaa mikoa mingine. Huku ni njia ya misafara. Watu wa bara hili la kati walibeba pembe na shaba hadi Bagamoyo, na wa pwani wakapanda hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji. Miembe ya Tabora ni ushahidi unaoota. Wamanyema walikuja kutoka Kongo wakajenga mitaa. Waarabu wa Omani walijenga Kwihara. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alikusanya rugaruga wake kutoka makabila mengi, na hatusomi kwamba aliwauliza babu zao. Hata jina la Wanyamwezi ni la watu wa pwani, waliotuita hivyo kwa kuwa tulitokea upande mwezi mpya unapoonekana. Sisi wenyewe tulijiita Wasumbwa, Wagalaganza, watu wa Unyanyembe, watu wa Busongo. Yaani tuliobandikwa jina na wageni leo tunajiita wenyeji kwa jina hilohilo, kisha tunamkagua jirani.

Nafika sasa nyumbani. Mwaka 2010, CCM iliruhusu wanachama wote kupiga kura za maoni za kumpata mgombea ubunge. Katika jimbo letu la Nzega, kijana Hussein Bashe, wa familia yenye asili ya Kisomali, aliongoza, akimshinda aliyekuwa mbunge, Lucas Selelii. Watatu alikuwa Dkt. Hamisi Kigwangalla. Jina la Bashe lilipofika ngazi ya taifa ya chama, lilikatwa kwa maelezo kwamba uraia wake una utata. Baadaye serikali yenyewe, kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani, ilitamka kuwa ni raia. Lakini uteuzi ulikwisha pita, na Dkt. Kigwangalla, ambaye hakuwa na kosa lolote katika hilo, ndiye aliyekwenda Bungeni.

Sifa za mbunge zimo katika ibara ya 67 ya Katiba: awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Uraia ni swali halali, na lina ofisi yake yenye mafaili, mihuri na maofisa wanaolipwa mshahara kulijibu. Ofisi hiyo ingeweza kuulizwa kabla ya wanachama wa Nzega kupanga foleni kupiga kura za maoni. Mtu yule alikuwa mwanachama. Kadi yake na ada zake zilipokelewa bila utata. Utata ulizaliwa baada ya hesabu ya kura. Turudi kwenye kanuni yangu ya wakati wa utendaji, nami sina la kuongeza.

Gharama yake ni ipi? Watu husema aliyeumia ni Bashe. Ni kweli aliumia, lakini yeye alikuwa kijana na alikuwa na muda. Mimi nahesabu na wale waliopanga foleni. Mwaka ule Nzega tulikuwa na mambo ya kuuliza. Mgodi wa dhahabu wa Lusu, uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa unaelekea ukingoni, nasi hatukuwa tumekubaliana utatuachia nini zaidi ya shimo. Maji yalikuwa ya shida. Pamba ilikuwa na bei ya kupanda na kushuka. Wiki zile vijiweni, sokoni, hata nje ya kanisa na msikiti, mazungumzo yalikuwa juu ya babu wa mtu mmoja. Mgombea yeyote wa mwaka ule asiyekuwa na jibu kuhusu mgodi alipata likizo.

Nililijadili hili na mwalimu mstaafu mwenzangu, mtu ninayemheshimu, naye akaniambia: "Mwalimu, unazidisha. Watu lazima wamjue mtu wao." Nikamwuliza anajua nini juu ya mbunge aliyetutumikia miaka ya nyuma kabisa, mwenyeji asiye na shaka. Akanitajia ukoo wake wote hadi kwa babu wa nne. Nikamwuliza alisema nini Bungeni. Akacheka, akaagiza chai.

Mwaka 2015 jimbo liligawanywa. Bashe alichaguliwa Nzega Mjini na Dkt. Kigwangalla Nzega Vijijini, na kila mmoja kwa wakati wake akawa waziri: Kigwangalla Maliasili na Utalii kuanzia mwaka 2017, Bashe Kilimo kuanzia Januari 2022. Tangu hapo nimeyasikiliza maneno ya barazani kwa sikio la mhakiki. Wakati wa ruzuku ya mbolea nilikaa na wazee kwenye duka moja la pembejeo, wakibishana kuhusu waziri. Mmoja alitaka kujua kwa nini mfuko wa mbolea una bei hii wilaya hii na bei ile wilaya nyingine. Mwingine alisema mabwawa ya umwagiliaji ni mazuri kwenye redio, yeye anangoja kuliona moja kwa macho. Wa tatu alimtetea kwa takwimu alizozikariri, nusu yake nadhani alizibuni. Walibishana mpaka mwenye duka akafunga.